Siku Niliyomchinja Kwale wa Fundi Hatibu

Mwaka 1968, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba yangu alipeleka nazi Dar es Salaam na hakurudi. Hakufa. Alioa. Nalisema hili mapema kwa sababu watu hupenda kunipa pole, na mimi pole siitaki. Nilikuja kumwona baadaye, kanenepa.

Shule nikaiacha darasa la tatu. Nikawa nakaa kwa shangazi yangu Baleni, nalala jikoni, nakula muhogo asubuhi, muhogo mchana, na jioni shangazi anauliza, "Leo mnataka kula nini?" kama vile kuna kingine. Haya mnayoyasoma nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na mjukuu wangu ndiye anayeyapiga chapa. Nimemkataza kurekebisha. Akirekebisha nitajua tu, maana patakuwa pazuri.

Kazi yangu ilikuwa kutega kwale. Najua wengi wenu hamjamwona. Kwale ni ndege wa chini, mdogo kuliko kuku, koo jekundu kama mtu aliyekula tambuu, na kuruka hapendi. Ukimfukuza anakimbia kwanza kwa miguu, tena kwa dharau, anageuka kukutazama kama uko nyuma bado. Anaruka pale tu anapoona hakuna njia nyingine, na akiruka anapiga kelele mpaka wewe ndiye unayeshtuka. Nyama yake ukiiunga kwa nazi, wallahi, mtu husahau hata deni lake.

Aliyenifundisha ni Fundi Hatibu wa Kirongwe. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, na kofia yake ya kiua haikumtoka kichwani hata akiwa ndani ya kichaka. Nilipokwenda kumwomba kazi hakuniuliza kama najua kutega. Aliniuliza, "Unajua kukimbia?"

Nikacheka. Hakucheka. Mwezi mzima wa kwanza sikugusa tanzi. Nilikimbia. Ananiweka mwisho wa shamba la mihogo, yeye anakaa mwanzo, akipiga kofi nije mbio na kisu mkononi bila kujikata. Vijana, msidhani ni wazimu. Ndege akifa mtegoni kabla hujamchinja ni kibudu. Halali hapana. Na wateja wetu wote ni Waislamu, kuanzia imamu mpaka yule anayedai ana dharura kila Ijumaa. Kwa hiyo kutega ni kazi ya nusu tu. Nusu nyingine ni kufika ndege akiwa bado ana roho, umwelekeze kibla, useme bismillahi, upitishe kisu.

Mara yangu ya kwanza nilichelewa. Ndege watano, wawili wamekwisha kufa, nikawachinja hivyohivyo nikidhani hatajua. Fundi Hatibu akawashika mmoja mmoja kwa kidole.

"Hawa watatu umewachinja," akasema. "Hawa wawili umewafanyia maziko."

Akawatupa wale wawili, na mimi siku ile nikala muhogo. Tangu hapo mkono wangu ulikuwa mwepesi. Ndege akipiga bawa mara mbili mimi nimefika, mara ya tatu nimemaliza. Nilijulikana mpaka Kilindoni kwa wepesi wa kisu, na nilijisifu sana. Mtaona sasa hivi wepesi huo ulinifikisha wapi.

Kwanza niwaeleze tanzi. Zamani tulisokota katani. Halafu nailoni ikaja, tukawa tunaipata kwa wavuvi wa Bwejuu. Nailoni ni nzuri, haionekani, haiozi, lakini wavuvi wale walinipa iliyokwisha kuvulia. Ikawa inanuka samaki. Siku ya kwanza nilinasa paka watatu, mmoja wao wa imamu. Ukipata nailoni ya mvuvi, ichemshe na majani ya mpera, uianike siku tatu. Hili hakunifundisha mtu, nimejifundisha mwenyewe, baada ya kumrudishia imamu paka wake.

Na tanzi lilaze chini, limshike mguu. Ukiliinua vidole vinne litamshika shingo, na hapo huna muda wa kufikiri. Kumbukeni hilo la shingo.

Sasa kuna Karani.

Karani alikuwa kwale dume wa Fundi Hatibu, aliyemfuga tangu kinda. Kazi yake kuita. Unamweka ndani ya tundu, unalifunika tundu kwa kaniki, unalitia kichakani, unalizungushia matanzi. Unapofunua upande mmoja apate mwanga, anaanza: kwarekwa! kwarekwa! Madume wenye kichaka chao wakisikia mgeni anatamba kwao wanakuja mbio kupigana. Wanakuja na hasira, hawatazami chini. Basi.

Karani alikuwa na maringo kuliko afisa. Alikula karanga tu, tena zilizomenywa. Bi Mwanakombo, mke wa fundi, alimfunga uzi mwekundu mguuni asipotee, na alikuwa akisema, "Hatibu akirudi kutoka porini, anayemwamkia kwanza ni Karani. Mimi niko wa tatu, baada ya kobazi."

Mtindo wetu ulikuwa hivi: ukiazima ndege wa kuitia, kwale wa kwanza utakayempata siku ile ya kuazima ni wa mwenye ndege. Unampelekea akiwa tayari kachinjwa, anapikwa siku hiyohiyo. Hakuna mjadala.

Nikafika miaka ishirini na moja, nikamtaka Zuhura, binti yake fundi. Zuhura alikuwa na ulimi. Akipita na ndoo ya maji akinikuta nasokota nailoni, atasema, "Shomari, wewe na paka mmefikia wapi?" Nikampenda kwa hilo. Lakini kulikuwa na fundi cherehani wa Kilindoni naye anamtaka, mtu wa suruali ya pasi, na mjomba wake Zuhura alikuwa upande wa cherehani.

Fundi Hatibu akaniita barazani. "Mwezi huu ni wa mlisho," akasema. "Ndoa iwe kabla ya kufunga. Mkeka wa mbele watakaa wazee saba, kila mzee kwale mmoja kwenye sahani yake. Ndivyo nilivyooa mimi, ndivyo alivyooa baba yangu. Uniletee kwale saba Jumatano, Ijumaa nikuozeshe. Ukishindwa, tukutane mfungo mosi, Ramadhani ikiisha, kama cherehani atakuwa hajafika."

Mnadhani saba ni wachache. Miaka mitano nyuma ningewapata asubuhi moja kabla ya chai. Lakini mwaka ule kwale walikuwa wameanza kupungua. Kichaka kilichotoa kumi kilitoa wawili. Watu walisema wamehama. Fundi Hatibu akiwasikia alikuwa akiuliza, "Wamehamia wapi? Jibondo? Kisiwa kile hata maji watu wanapelekewa kwa chombo." Yeye alijua, na mimi nilijua, kwamba tulikuwa tukiwatoa wengi kuliko wanaozaliwa. Tulichukua jike na mayai yake. Tulichukua makinda tukasema watakufa tu kwa mvua. Siwafichi. Tuliwamaliza sisi.

Mpaka Alhamisi, zimebaki siku sita kufika Jumatano ile, nilikuwa na watatu tu, hai, ndani ya tenga. Nikamwazima fundi Karani wake. Akanipa kama mtu anayempa mtu mtoto mchanga. "Kijiti cha mlango kikaze," akasema. "Kikaze mara mbili."

Nilikikaza mara moja. Zuhura alikuwa anapita.

Nikaweka tundu, nikaweka matanzi, na kwa haraka zangu nikayaweka juu kidogo. Nikajificha. Karani akaita mara mbili, akanyamaza. Nikasema huyu karinga tena, anataka karanga. Halafu nikasikia bawa: pa! pa! Nikatoka mbio kama nilivyofundishwa. Nikamkuta kwale, tanzi limemkaba shingoni, macho yanamtoka. Huyu hai hatafika, nikajiambia, bora nyama ya halali kuliko kibudu. Kibla, bismillahi, kisu. Bawa la tatu hakulipiga.

Nikajiona mtu wa maana. Nikamwinua kwa miguu nimtazame uzito. Uzi mwekundu.

Nikageuka kutazama tundu. Mlango wazi.

Vijana, mimi nimeumwa na nge, nimeanguka mnazi, nimeachwa na baba. Hakuna kilichoniuma kama uzi ule. Nilikaa chini na Karani mapajani, nikamwambia, "Na wewe ulitoka kwenda wapi?"

Kumtupa siwezi, nyama ya halali haitupwi. Kumzika siwezi, si mtu. Na fundi anangoja kwale wa kwanza wa siku ile, ni haki yake. Nikakata uzi, nikamnyonyoa hukohuko porini, nikampeleka.

Bi Mwanakombo akampika kwa nazi. Fundi Hatibu akala, akatafuna, akatafuna tena.

"Huyu mzee," akasema. "Umemtoa wapi?"

"Huku huku jirani, fundi."

"Mgumu kama kobazi. Lakini ana ladha ya karanga." Akanyonya mfupa. "Na Karani yuko wapi?"

"Nimemwacha kichakani, fundi, tundu nimelifunika. Hataki kusumbuliwa. Kachoka."

"Hebu nimpelekee karanga kesho."

Nikatoka pale. Nyuma ya nyumba nikamkuta Zuhura anakuna nazi. Nikamweleza yote. Nilidhani atalia. Alicheka mpaka mbuzi ya kukunia ikapinduka, akajifunga mdomo na khanga asisikike.

"Baba kamla Karani," akasema. "Kamla na wali."

"Zuhura, nifanye nini?"

Alipomaliza kucheka akaniletea tembe wake mdogo mweusi, kuku jike ambaye hajaanza kutaga. "Mtie ndani ya tundu, angalau kuwe na kitu kinachotikisika. Kuita uite wewe."

"Mimi?"

"Si miaka yote unamsikiliza? Au unamtaka cherehani anioe?"

Basi kuanzia Ijumaa mpaka Jumatano niliyeita ni mimi. Nawapa elimu ambayo hamtaipata kwingine: kwale haitwi kwa koo, anaitwa kwa tumbo. Unabana pua kidogo, unasukuma kutoka kitovuni, unaita mara tatu, unanyamaza muda wa kusoma Fatiha moja. Ukiita bila kupumzika wanajua ni mwongo. Dume wa kweli anajisikia, anangoja ajibiwe.

Siku ya kwanza sauti yangu ilikuwa ya mbuzi. Fundi Hatibu akaja mpaka njiani na karanga zake. Hakuingia, maana mtu haingii kichakani ndege akiwa anaita.

"Shomari! Karani ana nini?"

"Mafua, fundi!"

"Sauti imekuwa nene."

"Anakua, fundi!"

"Ana miaka sita, anakua kwenda wapi?"

Nikaona bora niite kuliko kujibu. Kwarekwa! Fundi akasikiliza.

"Mbona ukisema wewe yeye hunyamaza?"

"Ana adabu, fundi!"

Akaacha karanga na kipande cha tangawizi cha mafua. Nilizila karanga. Tangawizi pia nikaila, ikanisaidia, Jumamosi nikaita vizuri. Fundi akasema njiani, "Alhamdulillahi, kapona."

Na walikuja! Wachache, lakini walikuja. Jumapili mmoja. Jumatatu mmoja, huyu hakwenda kwenye tundu, alinijia mimi. Alinirukia usoni akanipiga kucha hapa kwenye nyusi, alama ninayo, watu huniuliza kama ni vita. Nawaambia ndiyo. Jumanne mmoja. Jumla sita hai ndani ya tenga. Jumatano niliita tangu alfajiri mpaka jua la utosi, tumbo likauma kama la mzazi, hakuna aliyekuja.

Alasiri nikaenda na sita wangu na tundu limefunikwa kaniki. Fundi Hatibu yuko barazani. Bi Mwanakombo anachambua mchele. Zuhura amesimama mlangoni na kile kicheko chake amekificha shavuni.

"Shikamoo fundi. Shikamoo mama."

"Marahaba. Wangapi?"

"Sita."

Akalitazama tenga, akalitazama jua. "Nilisema saba."

"Ulisema saba, fundi."

"Basi mfungo mosi. Sikuvunji moyo, ila neno ni neno. Nipe Karani wangu, nimemtamani."

Nikaliweka tundu mbele yake. Mkono wake ukaenda kwenye kaniki, na kabla haujafika, ndani ya tundu kukaanza mtafaruku. Kufurukuta, kunyamaza, kufurukuta. Halafu: "Kot-kot-kot-kot-kodee! Kot-kot-kot-kodee!" Sauti ya kutangaza mji mzima.

Fundi Hatibu mkono umeganda hewani.

Bi Mwanakombo akaacha mchele. "Hatibu," akasema polepole, "Karani katetea."

"Dume hatetei."

"Huyu katetea. Nimefuga kuku miaka thelathini, najua kuku anavyotetea akitaga."

Fundi akafunua. Tembe mweusi ametoka kutaga yai lake la kwanza, kachangamka, anatutazama kama anayengoja pongezi. Zuhura akaingia ndani haraka, tukasikia kitu kinaanguka, nadhani ni yeye.

"Shomari," akasema fundi. "Karani yuko wapi?"

Uongo ulikuwa umeniishia. Nilikuwa nimeutumia wote njiani kule na mafua. "Fundi, ulimla Alhamisi."

Nikasikia mpaka jogoo wa nyumba ya tatu.

"Yule mgumu?"

"Yule yule."

"Mwenye ladha ya karanga."

"Alikula karanga tu maisha yake yote, fundi."

Nikamweleza kijiti, tanzi, shingo. Sikuacha kitu, hata zile karanga nilizokula mimi. Akainamisha kichwa. Nikaona machozi, na mimi nikaanza kulia, si kwa Karani tu, nalia Zuhura anakwenda Kilindoni.

"Ulimwelekeza kibla?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Nilimwelekeza."

"Ulisema bismillahi?"

"Nilisema."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai, fundi. Nilifika bawa la pili."

"La pili," akasema, na nikaona kama kuna kitu kinamchezacheza mdomoni, fahari ya mwalimu. Halafu akahesabu kwa vidole, akiwataja wazee wa mkeka wa mbele. Imamu. Kaka yake. Mjomba wa Zuhura. Akafika sita. Kidole cha saba akajigusa kifuani.

"Mzee wa saba ni mimi," akasema. "Na mimi wangu nimeshakula."

Bi Mwanakombo akapiga kigelegele pale pale, mchele ukamwagika.

Ijumaa nikaoa. Wazee sita wakaletewa kwale kwenye sahani zao. Mkwe wangu alikula wali na mchuzi mtupu, watu wakimwuliza mbona hana nyama anasema, "Mimi nilitangulia." Lakini adhabu aliniwekea. Alisema, sitafuga mwingine, atakayeita ni wewe. Na niliita. Miaka kumi na minne, mpaka Mungu alipomchukua, nilikuwa nakaa kichakani nimefunikwa kaniki, mtu mzima mwenye watoto, kwarekwa, kwarekwa, na yeye njiani na karanga za kunipa.

Kwa hiyo nilijua kabla ya watu wote. Anayetega anahesabu anaowapata. Anayeita anahesabu wanaomjibu. Mwaka niliooa nikiita walinijibu pande tano. Baadaye tatu. Baadaye mmoja, upande wa mpungani, nikamzoea sauti. Siku moja mkwe wangu ameshafariki, nikaita asubuhi nzima kwa tumbo langu lote, hakuna aliyejibu. Nikaondoa matanzi yote, nikarudi nyumbani, nikamwambia Zuhura kazi imekwisha. Akasema, "Kwale wamekwisha, wewe ndiye umebaki na sauti." Nikaanza kupanda minazi.

Sasa mnakuja kwangu na simu zenye sauti ya kwale, mnataka niwaonyeshe pa kutegea. Kwanza bila kibali mtashikwa na bwana nyama. Pili, nimemsikiliza huyo wa kwenye simu. Anaita bila kupumzika. Ni mwongo. Tatu, kichakani kwangu sitaki kumwona mtu. Mwanangu mkubwa alitaka kukifyeka apande mikorosho, nikamwambia afyeke siku nitakapozikwa, tena angoje arobaini iishe. Kilikaa kimya miaka mingi. Mwaka jana, nachuma ukwaju, nikasikia sauti moja. Niliziba mdomo wangu kwa mkono. Ningemjibu angekuja kupigana, na mimi nina umri.

Leo nina nyumba ya matofali, vyumba vinne, paa la bati. Minazi themanini na sita. Shamba la mihogo. Ng'ombe wawili na ndama mmoja. Baiskeli moja, breki ya mbele tu. Mke mmoja, Zuhura, anacheka bado. Watoto watano, wajukuu kumi na watatu. Meno tisa. Matanzi, hakuna. Kichaka kimoja, na ndani yake kwale wanne, kwa hesabu ya sauti za Jumanne asubuhi.